Kiporo cha Mlango wa Nyuma

Mlango wa nyuma, upande wa kulia, ulikuwa na siku sabini haufunguki, na ndani ya siku hizo sabini ulikuwa umeshatengenezwa mara saba. Mkisikia hivyo mtadhani nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa mimi. Ngojeni niwaeleze kazi ilivyokuwa ikienda kwenye kampuni yenye ndege moja, kitabu kimoja na meneja mpole.

Kila ndege ina kitabu chake cha ubovu. Kitu kikiharibika, kinaandikwa humo. Kama si kitu cha kuiangusha ndege leo hii, fundi anaruhusiwa kukiahirisha: anapiga mhuri, anabandika stika nyekundu, anapata siku kumi, safari inaendelea. Wala si ujinga. Taa ya kusomea ikiungua huwezi kuwashusha watu themanini kwa ajili ya taa. Tatizo ni kwamba binadamu ukimpa siku kumi atazila zote, kisha atalamba na sahani. Wafanyakazi wakaviita vitu hivyo viporo, na kitabu chenyewe kikawa Daftari la Viporo, hata meneja akawa anakiita hivyo mbele ya wageni.

Sasa siku ya kumi ikifika, Fundi Mkuu anapanda ndani na kalamu yake. Saa mbili kamili asubuhi anaandika, "Kimeshughulikiwa, ni kizima." Saa mbili na dakika tano anaandika chini yake, "Kimeonekana kibovu. Siku kumi." Anapiga mhuri. Spana haijatoka kwenye sanduku, lakini kitabuni kiporo cha zamani kimekwisha na kipya kimeingia. Hiyo ndiyo iliyoitwa kupasha. Mlango wa nyuma ulikuwa umepashwa mara saba, na chakula kilichopashwa mara saba mwenye akili timamu hampi hata adui yake.

Aliyekuwa akikosa raha kwa ajili ya mlango huo ni mhudumu mkuu wa ndege, mwanamke wa miaka ishirini na miwili kazini, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusimamisha harusi. Walimwita Mama Mkanda, kwa sababu hakuna aliyewahi kupanda ndege yake akaruka bila kufunga mkanda. Aliwahi kumfunga kwa mikono yake mhubiri mmoja aliyesema ulinzi wa Mungu unamtosha. "Unatosha," alimjibu, "ila Mungu hakai safu ya tisa."

Kitabu kilisema ndege inaweza kuruka na mlango ule mbovu, mradi mhudumu mkuu akae hapohapo mlangoni, ili moto ukitokea awaambie abiria wakimbilie kwingine. Kwa hiyo kila siku Mama Mkanda alikaa kwenye kiti chake kidogo cha kukunja, mgongo umeegemea mlango usiofunguka, akiwatazama watu wa safu za mwisho. Alikuwa akiwahesabu. Hakuwa na sababu ya kuwahesabu, ila alijikuta tu anafanya hivyo: mmoja, wawili, yule mwenye mtoto, yule bibi. Kisha anajiuliza nani ataweza kuruka viti na nani ataachwa.

Ubovu mwingine ulikuwa mwingi, lakini ulikuwa wa kuchekesha. Kioo cha chooni kilikuwa na stika. Kiti kimoja cha katikati kilikuwa na stika, na juu yake stika nyingine, kwa sababu stika ya kwanza ilikuwa imeanza kubanduka. Mashine ya kahawa peke yake ndiyo iliyotengenezwa ndani ya saa moja, maana abiria watatu walilalamika. Mlango wa dharura haukuwa na mlalamikaji. Anayeuhitaji huuhitaji mara moja tu, na baada ya hapo huwa haandiki barua.

Mama Mkanda alipokwenda ofisini kwa meneja, alimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, kwa sababu kiti chake mwenyewe kilikuwa na stika. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa kumi na dakika kumi, nayo ina stika. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja ndani ya ndoo, na stika ilikuwa imebandikwa kwenye ndoo.

"Haraka haraka haina baraka, dada yangu," meneja alisema kwa upole wake.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama Mkanda akamjibu.

Meneja akaziandika methali zote mbili kwenye fomu, akasema huo ndio mjadala mzuri wa kikazi, akapiga mhuri. Malalamiko yake yakaahirishwa siku kumi.

Mama Mkanda akatoka pale na hasira zake. Akateremka moja kwa moja karakana, kwa Fundi Mkuu, na hapa lazima niseme kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa hapendi kukisema. Fundi Mkuu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe kabisa, tumbo moja. Mama Mkanda ndiye aliyemleta kazini miaka ile, akamsemea kwa wakubwa, akasema huyu kijana ana mikono. Na kweli alikuwa na mikono. Ila mhuri ulimzoesha vibaya.

"Shemeji, mlango," alisema.

"Upo, shemeji. Hujauona?"

"Haufunguki."

"Mlango kazi yake kubwa ni kufungwa. Wewe umewahi kusikia ndege imepata ajali kwa sababu mlango wake umefungwa sana?"

"Usiniletee utani."

"Sasa shemeji nisipokutania wewe nimtanie nani? Kipuri tuliagiza, kikaja cha mlango wa kushoto. Barua ya kukirudisha iko ofisini, inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Siku kumi."

Alicheka, na Mama Mkanda, Mungu amsamehe, akacheka naye. Ndivyo utani wa shemeji ulivyo: unamwendea mtu na jambo la kufa na kupona, unaondoka umeshika mbavu, na jambo unaliacha pale pale sakafuni.

Basi ikaja habari ya mama mkwe.

Mama mkwe wake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akiona ulimwengu kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafuni. Mwenyewe alikuwa akifanya mzaha, anasema mtoto huyu wa jicho amekua sasa, bado kidogo atataka kuoa. Lakini siku alipomimina maji ya moto nje ya kikombe yakamchoma paja, hakufanya mzaha. Daktari wa kazi hiyo alikuwa akija mji ule mwingine wiki moja tu kwa mwaka. Mwaka uliopita walichelewa kuandikisha jina. Mwaka huu jina lilikuwamo: kesho, siku ya mwisho ya daktari, saa mbili asubuhi. Na usafiri wa leo ulikuwa mmoja, ndege ileile, saa tatu. Kwa barabara ni siku mbili, ukijaliwa.

Tiketi za ndugu wa wafanyakazi huwa za nyuma kabisa. Mama mkwe akapewa safu ya ishirini na mbili, dirishani, upande wa kulia. Kwa maneno mengine, mlangoni.

Asubuhi hiyo Mama Mkanda akakagua kabini kama kawaida yake, akapokea abiria, akawafunga waliokuwa wabishi, kisha akachukua orodha ya majina ili asaini Hati ya Utayari. Bila saini yake kwenye hati hiyo, rubani hawashi injini. Akapitisha kidole. Safu ya ishirini na mbili, dirishani: jina la mtu asiyemjua. Akapandisha kidole kwenye orodha mpaka juu. Mama mkwe alikuwa safu ya tatu, karibu na mlango wa mbele, ule mzima, amekaa ametulia na kitambaa chake cheupe mapajani.

Fundi Mkuu alikuwa amesimama kwenye ngazi, anasubiri kitabu kifungwe.

"Umemhamisha mama," Mama Mkanda akasema.

"Eeh. Mbele kuna hewa."

"Shemeji, hewa ya ndege ni moja."

"Basi kule nyuma kuna kelele. Mtu mzima yule."

"Juzi uliniambia mlango hauna neno. Kama hauna neno, mama arudi kwenye kiti chake."

Fundi Mkuu akaangalia viatu vyake. Akaangalia tairi. Safari hii hakutania. Na Mama Mkanda, aliyekuwa amegombana kwa siku sabini na mihuri na stika, akapata jibu lake pale pale kwenye uso wa shemeji yake: alikuwa anajua. Mlango ule ulikuwa mzima wa kutosha watoto wa watu, lakini si mzima wa kutosha mama yake.

Akaifunika kalamu. "Sisaini," akasema.

Meneja akaja mbio mbio, ingawa kwa adabu, amevaa koti la kuakisi mwanga juu ya suti. "Unaumwa, dada?"

"Mzima."

"Umefiwa?"

"Bado."

"Basi tatizo ni nini?"

"Mlango ufunguke, nisaini. Usipofunguka, sisaini, wala sikai."

Meneja akafikiri. Alikuwa mtu wa utaratibu, hakupenda kugombana na binadamu. Akafungua Daftari la Viporo, akasoma kanuni za mwanzo, uso wake ukaanza kung'aa taratibu.

"Hapa pameandikwa: chochote kilichomo ndani ya ndege kinachotakiwa kufanya kazi na hakifanyi, ni kibovu, na kinaweza kuahirishwa. Huyu yumo ndani ya ndege?"

"Yumo," akasema Fundi Mkuu.

"Anatakiwa kufanya kazi?"

"Anatakiwa."

"Anafanya?"

Fundi Mkuu akamtazama mke wa kaka yake. "Hafanyi," akasema kwa sauti ndogo.

"Andika."

Akaandika, jamani. Kiporo namba thelathini na mbili: mhudumu mkuu, hafanyi kazi, siku kumi. Akapiga mhuri, ukatoka mara mbili. Kisha ikabaki stika. Fundi Mkuu akaishika kwa ncha za vidole, hajui aibandike wapi, maana kifua cha shemeji yako si ubavu wa jiko. Mama Mkanda akamnyang'anya, akajibandika mwenyewe begani, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu.

"Haya. Nimeshakuwa tanuri," akasema.

Meneja akafurahi sana. Kwa mujibu wa kitabu, ndege inaweza kuruka bila mhudumu mkuu, wale watatu wengine wanatosha. Akampelekea rubani kitabu kule mbele, akasema kila kitu kiko sawa, twende.

Rubani alikuwa mzee wa kukaribia kustaafu, hasemi sana, na alikuwa na tabia moja ambayo vijana walimcheka: alisoma kila mstari kwa kidole, akitamka. Akasoma kiporo cha thelathini na moja. Akasoma cha thelathini na mbili. Akarudi cha thelathini na moja. Kisha akavua vile vyombo vya masikioni akavitundika.

"Meneja," akasema, "cha thelathini na moja kinasema mlango wa nyuma haufunguki, na tunaweza kuruka mradi mhudumu mkuu akae mlangoni."

"Ndiyo, kapteni."

"Cha thelathini na mbili kinasema mhudumu mkuu hafanyi kazi, na kanuni yake inasema tunaweza kuruka mradi milango yote ya dharura inafunguka."

"Ndiyo, kap..." Meneja akalivuta kitabu aone mwenyewe.

"Kimoja kinamtaka huyu mama. Kingine kinautaka mlango. Mimi hapa sina hata kimoja."

"Futa cha pili," meneja akamwambia Fundi Mkuu.

"Kitabu hakifutwi, bosi. Kitu kikishaingia, kinatoka kwa kutengenezwa tu."

"Basi mtengeneze."

"Kuandika ubovu anaweza mtu yeyote. Kuufunga ni mwenye leseni ya kitu hicho. Mimi nina leseni ya injini na bodi."

"Kwani hana bodi?"

Fundi Mkuu akajikuna kisogo. "Bosi, bodi ya shemeji yangu mimi siikagui. Nina kaka."

Wahudumu wengine wakageuka kutazama madirisha. Abiria wa mbele, waliokuwa wamesikia, wakawaeleza wa katikati, na wa katikati wakawaeleza wa nyuma kwa nyongeza. Mtu mmoja akauliza kama huyo mama ameharibika sana. Mwingine akasema yeye ana binamu fundi wa majokofu, anaweza kupiga simu.

Rubani ndiye aliyetoa njia, na alitoa kwa nia njema. "Yeye mwenyewe akikubali akakaa mlangoni, akasaini, nitakuwa nimemwona kwa macho yangu anafanya kazi. Hilo linatosha. Tutaondoka."

Kwa hiyo mambo yote yakarudi kwake. Watu themanini, wengine wameshaanza kulalamika kwa sauti. Meneja ameweka mikono pamoja kama anayeomba radhi msibani. Simu ya Mama Mkanda ikalia: mumewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mdogo wake, Fundi Mkuu, alikuwa ameshampigia akamwambia yote.

"Mke wangu, sikufundishi kazi," akasema. "Fanya unaloona. Ila ujue ni macho ya mama."

Akakata. Afadhali angemtukana.

Fundi Mkuu akamsogelea, sauti chini. "Shemeji. Kesho saa mbili. Ukikataa leo ni mwaka mzima. Alijichoma yule, ulimwona. Safari moja tu. Dakika hamsini. Mlango umekaa siku sabini haujaitwa, uitwe leo kwa nini?"

Na sitamsingizia Mama Mkanda ushujaa asiokuwa nao. Aliifunua kalamu. Alimpenda yule mama kuliko wengi wanavyowapenda wakwe zao. Alikuwa amemfunga bendeji ya paja kwa wiki tatu. Alijiambia dakika hamsini si kitu. Aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa saini, wino ukafanya nukta.

"Mkwe wangu," sauti ikaita kutoka safu ya tatu. "Mbona hatuendi?"

Angeweza kusema kuna foleni, au hali ya hewa. Kila siku aliwaambia abiria mambo kama hayo. Akachuchumaa kando ya kiti, akamwambia ukweli wote: mlango, siku sabini, kiti alichohamishwa, na kwamba akisaini wataruka na kesho atatibiwa, na asiposaini hatatibiwa.

Mama mkwe akasikiliza huku akikunja kitambaa chake mara nne. "Nipeleke nikaushike," akasema.

Wakaenda polepole kwenye ujia, mama mkwe akishika kichwa cha kiti kimoja baada ya kingine, watu wakimpisha magoti. Fundi Mkuu akawafuata na kitabu kwapani. Mbele ya mlango, Mama Mkanda akamwekea mkono kwenye mpini. Mama mkwe akavuta. Haukutikisika. Akaweka mikono yote miwili, akavuta kama anayeng'oa muhogo. Mpini ukatoka. Mlango ukabaki umefungwa vilevile, na yule mama akabaki ameshika kipande cha chuma chenye stika nyekundu.

Mama mkwe akakipapasa kipande kile mpaka kwenye stika.

"Hapa pembeni kakaa nani?" akauliza.

"Ni mimi, mama," akajibu mtu wa dirishani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya plasta mpaka gotini, ameunyoosha chini ya kiti cha mbele. "Mwanzo nilikuwa safu ya tatu. Wakanihamishia huku. Wameniambia nimebahatika, nimepewa dirisha."

Mama mkwe akageuza uso kuelekea alikosikia mwanawe akipumua. "Ulijua?"

"Mama, kipuri kiko njiani, ni siku kumi tu, na..."

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Nilijua."

"Ukanitoa mimi, ukamweka huyu wa mguu mmoja."

Mwalimu akaanza kufungua mkanda wake, kisha akaona hana pa kwenda, akaufunga tena.

"Andika kwenye hicho kitabu chako," mama mkwe akasema. "Uandike kitu chenyewe kilivyo."

Fundi Mkuu akapiga goti, akaweka kitabu juu ya paja, akaandika. Meneja alikuwa nyuma yake, anamwangalia begani. Kalamu ikakwaruza, ikasimama.

"Umeandika nini?" mama akauliza.

"Nimeandika mlango haufunguki, ndege isiruke."

Mama mkwe akasema neno ambalo Mama Mkanda anasema hatalisahau, maana hakuwahi kulisikia likisemwa na mama mbele ya mtoto wake wa mwisho.

"Mkwe wangu, nisomee."

Mama Mkanda akachukua kitabu. Mwandiko wa shemeji yake ulikuwa mzuri siku zote. Alikuwa ameandika, "Mpini wa mlango wa nyuma umetoka. Umeahirishwa. Siku kumi."

Akamtazama. Shemeji yake alikuwa na machozi, na macho yake yalikuwa yanamwomba, wala si kwa ajili ya kazi tena. Alikuwa anamwomba asimvue nguo mbele ya mama. Kama kuna saa ambayo Mama Mkanda alitamani awe hajui kusoma, ni ile. Akasoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, mpaka zile siku kumi.

Mama mkwe hakufoka. "Rudia," akamwambia mwanawe.

Akaandika tena. Safari hii mhuri aliuacha mfukoni, akatumia mkono wake, na ilimchukua muda mrefu. Meneja alisema, "Fundi, fikiria vizuri," kisha akasema tena, bila upole. Fundi Mkuu hakuinua kichwa. Alipomaliza, kitabu akampa shemeji yake kabla hajaulizwa.

"Mlango wa nyuma haufunguki," Mama Mkanda akasoma. "Haujafunguka siku sabini. Nilijua, nikapiga mhuri mara saba. Ndege isiruke na mtu yeyote."

Chini yake kulikuwa na jina lake lote, la kwake, la baba na la babu.

"Haya," mama mkwe akasema. "Mnishushe."

Rubani akazima taa moja moja. Abiria wakashuka wakinung'unika, wengine wakimtupia Mama Mkanda maneno, kwamba mtu mzima mzima anaringa na safari za watu. Hakuna aliyemshukuru, na sijui kwa nini mtu angemshukuru, maana hakuna kilichotokea. Mwalimu wa hesabu alishuka mwisho, akiruka ngazi moja moja kwa mguu mmoja, na ilimchukua dakika sita. Mama Mkanda alizihesabu.

Fundi Mkuu alifukuzwa kabla ya saa sita mchana. Kipuri cha kulia kilifika siku ya nne, fundi mwingine akakifunga, na kazi nzima ilichukua dakika ishirini. Mama Mkanda hajafukuzwa; hawezi kufukuzwa kwa sababu bado ni mbovu, na kitu kibovu hakitolewi kwenye ndege mpaka kitengenezwe. Mwenye leseni yake hajapatikana. Kila siku ya kumi wanampasha kwa mhuri mtupu, bila kuandika kuwa ni mzima, naye anakwenda kazini, anawafunga watu mikanda, kitabuni hafanyi kazi.

Daktari alishaondoka. Mwaka wake ni mrefu, na mama mkwe yuko kwa mwanawe mkubwa, mume wa Mama Mkanda, nyuma ya pazia lake lile. Anayemhudumia mchana ni Shemeji, yule Fundi Mkuu wa zamani, maana hana pengine pa kwenda. Anamwongoza msalani, anamchagulia nguo, anamsomea barua za watu. Jioni, Mama Mkanda akiwa amerudi yuko jikoni, Shemeji anammiminia chai, anaweka kikombe mezani, anamwambia, "Mbele kidogo, mama. Kulia. Ni ya moto." Miezi ya mwanzo yule mama alikuwa akisikia hivyo anageuka kwanza upande wa jikoni, anaita, "Mkwe wangu, ni kweli?" Siku hizi ananyoosha mkono tu.